Kipimo cha Mlangoni

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono kiunoni, nikisubiri harufu inifikie. Ndivyo tunavyopima manukato kiwandani kwetu, kama chumba kimoja chenye madebe matatu kinastahili kuitwa kiwanda. Wifi yangu hukoroga sabuni na kudondosha mafuta ya mchaichai tone kwa tone, nami husimama hatua saba kutoka kwake. Harufu ikinifikia, nasema "basi". Mama yangu ndiye aliyenifundisha, na kwa miaka tisa pua hii haikuwahi kutuangusha.

Siku ile wifi alidondosha tone la kwanza tu, nikapiga kelele. "Basi! Basi, unatuua!"

Akanitazama, chupa ikiwa bado hewani. "Wifi, hata halijazama."

"Nimesema basi."

"Haya, bosi ni wewe." Akafunga chupa, akaendelea kukoroga, mdomo ameuvuta upande.

Nilikuwa na mimba ya wiki tisa, na dunia nzima ilikuwa imehamia puani mwangu. Nilisikia harufu ya pasi ya jirani, ya kitasa cha mlango, ya mvua ambayo ilikuwa bado mawinguni. Ikifika saa nne asubuhi usingizi ulinipanda kutoka miguuni kama maji ya uvuguvugu, nikalala nimekaa juu ya gunia, mwiko mkononi. Niliota ndoto za rangi kali. Mara moja niliota nimejifungua kipande cha sabuni, wageni wakawa wanakipokezana, kila mmoja akinawa kidogo, nami nashindwa kuwaambia wasikimalize. Niliamka nalia. Ah, kulia ndiyo ilikuwa kazi yangu ya pili! Nililia hata kwa sababu ya fagio lililoachwa peke yake kwenye kona.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonitia hofu lilikuwa mume wangu.

Mume wangu ni kinyozi, mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu. Mwaka aliponichumbia nilimtengenezea sabuni yake mwenyewe, mchaichai na karafuu kidogo, na tangu hapo hajaoga na nyingine. Zamani akirudi kazini nilikuwa naficha pua yangu shingoni mwake hata kabla hajavua viatu. Sasa nilimnusa angali getini, na tumbo likapinduka. Tulishindwa kukaa kochi moja. Alihamia sebuleni mwenyewe, akasema kochi linamfaa mgongo. Mwongo mkubwa! Kochi lile lina springi iliyochomoza katikati.

Nilijiuliza: mwanamke akishindwa kuvumilia harufu ya mumewe, amebakiwa na nini cha kumpenda? Nikapanga mkoba. Magauni mawili, kanga, kandambili. Nikauweka nyuma ya mlango, tayari kwenda kwa mama. Ila sikutaka kuondoka kama mwizi. Nilitaka kumwambia kwa kinywa changu kwamba simpendi tena, na kila jioni nililiandaa lile neno, na kila jioni nililala nalo.

Wiki ya kumi na moja nilikwenda kliniki. Mkunga alinipima uzito, akanipima presha, akaandika kwenye kadi. Halafu akaweka kalamu chini. "Na moyo je, mwanangu?"

Nikamwaga yote, mpaka habari ya mkoba. Akacheka taratibu, bila kejeli.

"Mwili wako umefungulia homoni kama mtu aliyefungua mabomba yote ya nyumba," alisema. "Kuna projesteroni, hiyo inailinda mimba, na hiyohiyo inakulegeza viungo na kukulaza mchana. Estrojeni nayo inapanda kila siku. Ndiyo maana matiti yanauma, machozi yako karibu, na pua imekuwa kali. Wengi hawawezi hata kupita jikoni mwao."

"Na mapenzi? Nayo yanaondolewa na homoni?"

"Hilo silijui. Ninachojua ni kwamba mtu haamui maisha yake kwa pua ya wiki kumi na moja. Wengi hupata nafuu kuanzia mwezi wa nne. Lakini huzuni ikikung'ang'ania, usiifiche nyumbani. Njoo siku hiyohiyo."

Nilitoka nimeamini nusu. Usingizi, sawa. Machozi, sawa. Lakini moyo wangu mwenyewe? Mkoba ukabaki pale pale.

Sabuni hukaa rafuni wiki nne ikikomaa, kwa hiyo kosa langu lilichelewa kujulikana. Mwenye nyumba ya wageni alikuja kuchukua mzigo wake, akanusa kipande, akakigeuza, akanusa tena.

"Hii mmeitia nini?"

"Mchaichai," nikasema.

"Mchaichai wa kuambiwa, labda."

Wifi alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Vipande mia na ishirini, na hata kimoja hakinukii chochote! Mimi, binti wa mama yangu! Nikaanza kulia, bila shaka.

"Usilie, wifi," alisema, akinifuta kwa aproni yake. "Nitampelekea kaka. Siku hizi anaoga kama bata, atazimaliza."

Jumapili iliyofuata, mchana, nilijilaza kwenye lile kochi. Pazia lilipanda na kushuka, mwanga ukatambaa sakafuni, nami nikawa nusu huku, nusu kule. Nikahisi mtu ameketi miguuni pangu. Nikashangaa, maana hakuna aliyenukia kutoka getini. Nilivuta pumzi kwa woga. Maji. Shati lililopigwa pasi. Na chini yake, ngozi yake tu, ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ina harufu yake yenyewe. Nikalisubiri tumbo. Likatulia.

Niliinuka, nikaweka pua shingoni mwake. Akakauka kama mteja aliyewekewa wembe kooni.

"Umeoga na nini?"

"Zile alizoleta dada. Zangu zimekwisha."

"Zimekwishaje? Nilikupa vipande kumi na viwili mwezi uliopita."

Alitazama mikono yake. "Nilikuwa naoga asubuhi, naoga mchana kazini, naoga jioni kabla sijafika. Nilidhani nanuka nywele za watu. Lakini kadiri nilivyojisugua, ndivyo ulivyozidi kunikimbia."

Nikamwona nyuma ya kibanda chake cha kunyolea, na ndoo, akijipaka kwa bidii kitu kilekile kilichonifukuza. Nikacheka, kicheko kikageuka kilio.

"Ni zile homoni?" aliuliza kwa uangalifu.

"Sijui." Na lile neno, baada ya wiki zote zile, likatoka lenyewe. "Nilitaka kukuambia kwamba sikupendi tena. Nilikwishapanga mkoba."

"Naujua," alisema. "Kila jioni nikifika, kabla ya kuvua viatu, natazama nyuma ya mlango. Nikiukuta, najua bado upo."

Nikamshika shati, nikabaki nimelishika.

Baadaye alinyanyuka polepole, akidhani nimelala. Nilimsikia akifungua zipu ya mkoba nyuma ya mlango. Alirudi na kandambili zangu, akazipanga chini ya kochi, mahali ambapo miguu yangu ingezikuta. Nguo aliziacha mkobani.