Kabati Lililopiga Kelele

Usijifanye hukuona. Ulikuwa kwenye meza ya kukata vitambaa, mkasi mkononi, ukainua macho darini kana kwamba dari imekuita kwa jina. Nina kumbukumbu ndefu kuliko roli zima la uzi, na sura yako ya siku ile ninayo.

Nakukumbusha. Mama Kijacho, dada yetu wa mashine ya kushonea kola, ana mimba ya miezi saba na kisukari kilichomjia na mimba hiyohiyo. Anajidunga insulini, na nyuma ya mkono kabandika kipimo, kidude kama kifungo cha koti, kinachotuma kiwango cha sukari kwenye simu yake. Sukari ikishuka mno, simu inapiga kelele ili ale kitu kabla hajazimia. Bila simu, kifungo kile ni pambo tu.

Na msimamizi wetu, Bwana Kufuli, unamjua: simu zote kabatini ofisini kwake, asubuhi hadi jioni.

Mama Kijacho akamwonyesha: "Bosi, hii ni ya matibabu. Barua ya nesi hii hapa."

"Leo nesi, kesho daktari wa meno. Kabatini!"

Hapo ndipo dari ilipokuita. Mimi, jirani yake wa mashine, nilimkonyeza Mama Kijacho. "Mpe, mwaya. Ila fungulia sauti yote."

Ofisi imetengwa kwa ubao tu, hatua nne kutoka mashine ya kola. Tulishajaribu jana yake, mawasiliano ya kifungo yanaifikia simu kabatini. Chupa ya juisi niliificha chini ya mabaki ya vitambaa.

Saa nne kabati likalia. Sukari ilikuwa imepanda kidogo baada ya chai, na simu huipigia kelele hiyo pia. Kufuli akabonyeza hapa, akabonyeza pale, simu ikamdai namba ya siri.

"We mama! Njoo uizime!"

"Sheria inasema nisishike simu, bosi."

Akaizungushia kitambaa cha bitana, akaenda kuitupa stoo, mwisho wa jengo. Mimi nikabaki jicho kwa Mama Kijacho, nikisikilizia. Haikupita nusu saa, stoo nzima ikalia: simu imepotezana na kifungo, inamtafuta mwenyewe! Na mteja wa sare za shule alikuwa humohumo akihesabu marobota. Kufuli akairudisha mbio, bitana ikiburuzika nyuma kama mkia.

Saa sita kasoro nikaona kola anayoshona Mama Kijacho inakwenda upande. Jasho. Vidole vinacheza. Kabla sijaifikia chupa, ubao ukatikisika kwa kelele, Kufuli akatoka kashika simu kwa mikono miwili kama sufuria iliyotoka motoni.

"Tatu nukta moja! Mshale unaelekea chini! Sasa huyu apewe nini?"

Nikaichomoa chupa: "Juisi, bosi. Na chupa ishike wewe, mikono yake inatetemeka."

Akapiga magoti, akamnywesha. Kufuli huyu! Yuleyule aliyeandika "mzembe" kwenye ripoti miaka minne iliyopita, mpiga pasi wetu mjamzito alipoanguka kando ya meza yake. Yule dada aliinuka. Mimba haikuinuka naye. Nilikuwepo. Nawe ulikuwepo, siku hiyo uliangalia viatu vyako.

Robo saa Kufuli hakupepesa macho. Kisha akaruka: "Nne nukta mbili! Imepanda!" Utadhani kafunga goli.

Mama Kijacho akajifuta mdomo. "Asante, nesi."

Tulicheka mpaka mashine zikasimama. Wewe pia ulicheka, nilikuona, kwa kucheka hujambo.

"Haya, akae nayo," akasema Kufuli, akijikung'uta magoti. Tukapiga makofi. Akageukia mlangoni: "Leo tu."

Leo tu! Ina maana mtoto yule tumboni aishi leo, kesho aulize upya?

Karatasi hii inadai simu ya mgonjwa ikae mezani kwa mgonjwa, kila siku, kwa maandishi, si kwa huruma ya robo saa. Ina sahihi kumi na saba. Ya kwanza ni ya yule mpiga pasi. Nilimfuata hadi kwake. Mstari wa kumi na nane mtupu, ni wako. Kalamu ndiyo hii. Shusha macho kutoka darini, weka sahihi sasa hivi, kabla kengele ya kutoka haijalia na kesho kabati halijafunguliwa tena kuimeza simu yake.