Msumari wa Kati

"Nesta," Ombeni aliniuliza mbele ya Mwalimu Diana, "bawaba za mlango wa jikoni ziko upande gani?"

Simu ilikuwa mkononi mwa mwalimu, imefungua kazi niliyoituma. Tulikuwa tumebaki wawili, na nafasi ya kusomea uchoraji wa gemu pale chuoni Mlowo ilikuwa moja. Mimi nilitoka Tunduma nimevaa gauni la kanisani. Yeye alitoka Iyula na kompyuta iliyogoma kuwaka asubuhi ileile.

Niseme ukweli, maana nimechoka kujipamba. Kazi ile ilikuwa yake. Kwenye gemu ya kujenga kwa matofali, Ombeni alichora upya kila kitu kiwe cha kwao: udongo mwekundu, mibuni, chungu cha mama yake, mlango wa jikoni kwao. Lakini alichora kwa toleo la kompyuta, na walimu walitaka kazi inayofunguka kwenye simu. Matoleo hayo hayaelewani. Picha ileile huku ina jina hili, kule jina lingine. Kuhamisha ndiyo kazi niliyoijua mimi. Akanitumia faili zote.

"Nakuamini wewe tu," aliniambia.

Siku tatu nilibadilisha majina ya picha mia mbili. Mwisho kabisa toleo la simu likataka jina la mtengenezaji. Nikaandika langu. Nilijiambia ni la majaribio. Uongo mtupu, nilikuwa na wivu naye tangu sekondari. Nikaiweka mtandaoni, nikaituma chuoni kama yangu, na yeye nikamwambia imegoma kuhama.

Sasa alikuwa ameiona kwenye simu ya mwalimu, akinitazama, hajapandisha sauti hata kidogo. Mimi nikibanwa huwa nafoka, lakini siku hiyo sikufoka. Nilijaribu kuukumbuka mlango ule. Picha yake niliishika, nikaipa jina, nikaiweka mahali pake. Sikuwahi kuitazama.

"Sijui," nikasema.

"Kushoto, ukiwa ndani," alisema Ombeni. "Za mpira wa tairi. Bawaba ya juu ina misumari mitatu, wa kati umepinda."

Mwalimu Diana akaikuza picha kwa vidole viwili. Akahesabu misumari, akafika kwenye ule uliopinda. Kisha akaandika jina la Ombeni kwenye fomu ya kujiunga, na mimi nikachukua mkoba wangu.

Jina nililisahihisha wiki ileile. Ila kwenye simu za waliokwisha kuipakua, mtengenezaji ni mimi mpaka leo.

Mwaka huu, msimu wa kahawa, nilikwenda Iyula kuomba radhi. Ombeni hakuwepo, yuko kazini Mbeya. Mama yake aliniingiza jikoni, akanipa kigoda na kikombe cha uji, akaniuliza jina.

"Kumbe ndiye wewe Nesta," alisema, akinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu alinisimulia. Wewe ndiye uliyemsaidia kuhamisha picha zake."

Nikageuka kuutazama mlango. Msumari wa kati ulikuwa umepinda kweli.