Is-haka Asiyecheka

Balqees hakuwa na ugomvi na jina la Is-haka. Ugomvi wake ulikuwa na mwenye jina.

Mwenye jina alikuwa baba mkwe wake, Mzee Is-haka, mzaliwa wa Unguja na mstaafu wa wizara moja hapo Maskati, aliyeishi nao mtaa wa Azaiba katika chumba cha chini kilichopakana na jiko. Mjukuu wa kiume alipoletwa nyumbani kutoka hospitali, mzee hakungoja hata watu wakae. Kwao, mtoto akipewa jina la babu huwa somo wake. Wataitana somo maisha yote, na babu ataondoka duniani akijua kuna mtu anayeitikia jina lake. Muhsina, binti yake mkubwa, alikuwa na mabinti watupu. Harub, mwanawe wa pekee na mume wa Balqees, ndiyo kwanza anapata mtoto.

"Mie somo sina," alisema mzee. "Na umri wangu si wa kungoja mwengine. Siku ya saba mtamwita Is-haka, khalas."

Harub aliitikia palepale. Balqees alisema ataangalia.

Kuangalia ndiyo kazi yake. Anapima maji ya kunywa maabarani, na hajapata kukubali kwamba maji ni safi kwa sababu kibandiko cha chupa kinasema hivyo. Alikaa kitandani na mtoto kifuani na simu mkononi, akasoma. Jina asili yake ni Kiebrania, Yitzhak, na maana yake ni "atacheka". Linafungamana na kicheko cha Sara, mke wa Nabii Ibrahim, alipopewa habari kwamba atazaa uzeeni. Qur'ani nayo inakitaja kicheko hicho pamoja na bishara ya mwana. Waarabu wanalitumia, ingawa si kama wanavyolitumia la Ibrahim au la Yusuf. Wazungu wanaotamka Isaac wanalipenda sana. Kila aliposoma palikubaliana juu ya maana, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

"Maana yake ni mtu wa kucheka," alimwambia Harub. "Baba yako ulishamwona akicheka?"

Harub alifikiri. "Siku ya harusi yetu alikaribia."

"Alikuwa anataka kupiga chafya."

"Kabla ya chafya."

"Harub, jina hili amelivaa tangu kuzaliwa na halijamfanyia kazi. Simpi mwanangu dawa iliyokwishashindwa kwa mgonjwa wa kwanza."

"Jina si dawa, yakhe."

"Basi tusijali maana, tumwite Kabati."

Harub alijua mke wake hatanii. Walifikia sharti: mzee akicheka kabla ya siku ya saba, kicheko kamili, mbele ya shahidi, mtoto ataitwa Is-haka. Asipocheka ataitwa Azzam, jina la mtu mwenye azma, sifa ambayo mtoto alikuwa ameshaithibitisha kwa namna anavyonyonya. Mzee asiambiwe, maana kicheko cha kuagizwa hakihesabiki.

Balqees alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitaja. Tangu aingie nyumba ile, kila alipozungumza mezani, mkwewe aliinuka katikati ya maneno yake. "Ngojeni nikatazame gari," angesema, na kutoka. Gari lilikuwa ndani ya ua, chini ya kibanda chake, nyuma ya geti lililofungwa. Balqees alihitimisha kwamba mzee hampendi. Hakuhuzunika, au ndivyo alivyojiambia. Aliona ni taarifa kama taarifa nyingine.

Muhsina, aliyekuja kumwangalia mzazi na kusimuliwa sharti jikoni, aliichukua kazi ya kumchekesha baba yake kwa moyo wote. Mchana wa kwanza, wakila, alimwigiza shangazi yao mmoja wa Ruwi anayezungumza na simu ya mkononi kwa sauti ya kumfikia mtu wa Salala, kilomita elfu, bila simu. Harub alicheka hadi wali ukamtoka puani. Mzee alitazama sahani yake, akasema, "Anakuwa mzee, maskini," na akaendelea kula.

Kesho yake Harub alileta video ya mbuzi aliyepanda juu ya pikapu ya polisi na kukataa kushuka. Mzee aliitazama yote.

"Mbuzi wa nani?" aliuliza.

"Hatujui, Baba."

"Mwenyewe anamtafuta."

Basi. Siku iliyofuata Harub alijikwaa kwenye zulia akiwa na bakuli la uji wa pilipili manga wa mzazi, akaanguka nalo, na uji ukamkaa kichwani kama kofia. Hakukusudia. Mzee alimpa kitambaa, akamuuliza kama ameumia.

"Huyu hachekesheki," Muhsina alimnong'oneza wifi yake. "Marehemu mama alikuwa akisema, ukitaka kumwona meno, mpeleke kwa daktari."

"Basi ni Azzam," alisema Balqees.

"Utamuua, wifi. Jana kanunua kikofia kidogo cha mtoto, kakificha chini ya mto. Usiseme nimekwambia."

Balqees alimhamishia mtoto bega la pili. Kikofia hakikuwa ushahidi wa kicheko. Hata hivyo alijikuta anakifikiria zaidi ya kilivyostahili.

Siku moja kabla ya siku ya saba, Harub alichukua gari kwenda kutafuta mbuzi wa akika, wa kumchinjia mtoto, na Muhsina akafuatana naye kwa kuwa hakumwamini juu ya mbuzi. Sebuleni walibaki Balqees, mtoto na mzee. Balqees alikuwa akibadilisha nepi. Aliifungua, akaitazama kwa muda, kisha akamwambia mtoto kwa sauti ile ile anayowaambia wenye viwanda vya maji:

"Rangi haikubaliki. Harufu haikubaliki. Kiasi ni kikubwa kuliko kilichoingia, na hilo nitahitaji maelezo ya maandishi."

Mzee aliinuka. "Ngoja nikatazame gari," alisema, na akatoka haraka.

Balqees alimaliza kufunga nepi ndipo akagutuka. Gari halikuwepo. Gari lilikuwa sokoni na mbuzi.

Mzazi hatakiwi kutoka nje kabla ya arubaini, na Balqees hakuwa mtu wa kuvunja taratibu bila sababu. Hii ilikuwa sababu. Alijitanda khanga, akampakata mtoto, akatoka kwa mlango wa jiko. Nyuma ya nyumba, baina ya tangi la maji na mashine ya kiyoyozi, Mzee Is-haka alisimama uso ukutani. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Ncha ya kilemba chake ilikuwa mdomoni.

"Baba, ni kifua? Mkono wa kushoto unauma?"

Mzee aligeuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye ndevu. Alitoa kilemba mdomoni ili ajibu, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu kilichotoka kilikuwa kicheko, chembamba na cha juu, kama filimbi ya birika.

"Maelezo ya maandishi," alisema, na akarudisha kilemba upesi.

Balqees alisubiri. Ilichukua muda.

"Unacheka," alisema.

"Usiniangalie, mwanangu. Mwanamme haoneshi meno mbele ya wanawe, seuze mkwewe. Ndivyo nilivyolelewa. Baba yangu alikuwa akiingia kisimani."

"Kisimani?"

"Kilikuwa kikavu."

"Kwa hiyo ukisema unakwenda kutazama gari..."

"Gari nimelitazama mara ngapi? Lina nini la kutazamwa?" Alijifuta macho. "Muhsina hajui kuchekesha, maskini, na Harub ndiyo kabisa. Weye ndiye unayenimaliza."

"Mimi sijapata kufanya mzaha, Baba."

"Basi hapo hapo," alisema mzee, na ikabidi ageukie ukuta tena.

Alipotulia alimwambia kwamba habari ya sharti anayo, kwani chumba chake kimepakana na jiko, na jikoni hapana siri. Usiku aliazimia kujilazimisha acheke kesho yake mezani, akashindwa. Angeona aibu zaidi kuliko kukaa uchi.

"Sasa umeona," alisema. "Ukiwaambia, nitapata somo lakini sitoweza kula nao tena. Usipowaambia, mumeo atauliza ushahidi uko wapi. Chagua weye. Mie sina neno."

Balqees alimtazama mtoto, kisha mkwewe, ambaye pua yake ilikuwa nyekundu na ambaye, ilivyoelekea, alimpenda sana kwa miaka yote hiyo nyuma ya tangi la maji.

Harub na Muhsina walirudi na mbuzi kabla ya alasiri.

"Ataitwa Is-haka," Balqees aliwaambia.

Harub aliweka chini kamba ya mbuzi. "Amecheka? Nani kaona?"

"Ushahidi upo."

"Uko wapi?"

"Chanzo kimeomba kisitajwe."

"Balqees, weye mwaka jana ulimrudisha fundi wa friji kwa sababu alisema *nadhani*."

"Alistahili."

Siku ya saba nyumba ilijaa. Mtoto alinyolewa, jina likatajwa, na Mzee Is-haka akatoa kikofia kidogo mfukoni, akamvisha mwenyewe. "Karibu, somo," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kama kawaida. Kisha akamrudisha kwa mama yake, akakaa pamoja na wageni, uso umekunjamana, heshima imetimia.

Harub aliinama juu ya mtoto. "Mtazameni, anacheka. Jina limeshaanza kazi."

"Mtoto wa wiki moja hacheki," alisema Balqees. "Kicheko huja mwezi wa tatu au wa nne. Hii ni hewa, na imo safarini."

Upande wa pili wa sebule, kidevu cha mkwewe kilianza kutikisika. Nje palijaa watu: wapishi nyuma ya nyumba, watoto kila kona, magari mpaka barabarani. Mzee hakuwa na pa kwenda.

Balqees alikuwa na mengine ya kusema juu ya hewa ya tumboni, yote ya kweli. Aliyameza, akauliza nani anataka kahawa.