Maelezo ya Mwandishi Yalikuwa Chini

Mke wangu, Leokadia, aliniua Jumamosi asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa huku Maryland, Marekani, kisha akaenda kuoga.

Huwa anaandika hadithi. Akirudi kutoka Rockville, anakotunza wazee, anakaa na simu mpaka chai inapoa. Anachotaka ni kimoja tu, apate mtu wa kumsoma mpaka mwisho. Ndiyo maana maelezo ya mwandishi, yale ya kusema kwamba haya ni ya kubuni, anayaweka chini kabisa. Nilishamwambia ayapandishe juu. Akasema mtu ukimwambia mapema kwamba ni uongo, hatalia.

Hadithi ya siku hiyo ilianza hivi: "Mume wangu ametutoka alfajiri hii." Watu wetu wakiona maneno hayo hawabonyezi "soma zaidi". Wanaandika "pole sana", wanaweka picha ya mshumaa kwenye kundi, wanabandika sufuria.

Mimi nilikuwa kazini ghalani Landover, simu nimeifungia kabatini. Niliporudi nikakosa pa kuegesha gari nyumbani kwangu mwenyewe. Viatu vimejaa mlangoni. Ndani, Khalfan, mwenzangu wa karata, alikuwa anaeleza jinsi nilivyokuwa mtu wa watu, na kwa kweli alikuwa anaeleza vizuri, nikasita kuingia.

Benadetha, shoga yake Leokadia, akaniona wa kwanza. Alikuwa na mwiko mkononi.

"Shemeji, si umekufa?" akaniuliza, utadhani nimeharibu shughuli.

Leokadia alikuwa kwenye kochi, amezungushiwa khanga tatu.

"Nimewaambia tangu asubuhi kwamba ni hadithi," akasema. "Kila nikisema uko hai, wananipepea."

"Tulijua ni mshtuko," Benadetha akajitetea.

Hasira zikanipanda, na aibu pia. "Si nilikwambia maelezo yakae juu? Ona sasa."

"Nani kasoma mpaka chini?" Leokadia akauliza.

Sebule nzima ikatazama zulia. Khalfan akavaa miwani, akatoa simu yake, akashusha kidole taratibu mpaka mwisho, akasoma kwa sauti ileile aliyokuwa akinisifia nayo:

"Maelezo ya mwandishi. Hadithi hii ni ya kubuni. Mume wangu ni mzima na ninampenda. Kila ninachoandika namtumia yeye kwanza, naye hunijibu kwa dole gumba. Hii nilimtumia Jumatatu. Nilimuua nione kama atakuja kuniuliza kwa nini."

Niliona uso unawaka moto. Nikanyoosha mkono kuchukua sahani ya pilau ya msiba wangu.

Benadetha akaisogeza mbali.

"Kasome kwanza, shemeji," akasema.