Jicho la Pili la Profesa

Mdogo wangu hakuwa mjinga, na naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana watu wa mtaani kwetu wana haraka ya kuhukumu. Alikuwa fundi wa mageti na madirisha ya chuma, na geti lake unalisukuma kwa kidole kimoja. Hesabu alizipiga kichwani. Maandiko aliyajua sura kwa mstari, na kila Jumapili kabla ya ibada aliwafundisha watu wazima kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Kule karakana walimwita Profesa. Walianza kwa utani, yeye akalichukua jina lote.

Tatizo lake lilikuwa moja tu: alikuwa haambiliki. Ukimpa ushauri, ameshakujibu kabla hujafika nusu, na jibu lenyewe lina kichekesho ndani yake. Waliopo wanaangua kicheko, na wewe uliyekuja na neno la maana unabaki unachekacheka kama bwege. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja. Watoto wazito wa kuelewa nimewapata wengi, na wengi wao walifika. Asiyefika ni yule anayekuchekesha kila unapomsahihisha.

Mwaka ule alikuwa akifundisha somo refu kuhusu mpumbavu anayesemwa kwenye Maandiko. Nilihudhuria. Alieleza vizuri mno. Alisema mpumbavu si mtu aliyenyimwa akili, bali ni mtu anayechukia kuonywa; kwamba hekima imesimama njiani inaita watu kwa sauti, haina kiingilio, na bado wanaipita. Akasema anayemcha Mungu ameshakubali kwamba yupo anayejua kuliko yeye, na hapo ndipo anapoanza kufundishika. Watu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilikaa mstari wa mbele, namtazama yeye, nikijiambia laiti angejisikiliza mwenyewe. Na yeye kila alipotoa mfano alimtazama yule mpaka rangi wa karakana yao, aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

Wiki ya tatu ya somo hilo, chembe ya chuma ikamwingia jichoni. Alikuwa anasaga kona ya dirisha kwa grinda, bila miwani. Miwani ilikuwepo, imetundikwa kwenye msumari, lakini alisema hiyo ni ya wasiojua cheche zinaelekea wapi. Karakana ina utaratibu wake: chembe ikikuingia huendi popote. Unakaa kwenye kiti, na yule mpaka rangi, ambaye ana mkono mwepesi, anakugeuza kope kwa njiti ya kiberiti na kuitoa kwa ncha ya kitambaa. Ameshatoa nyingi kwa njia hiyo. Safari hii hakuona kitu. Akamwambia Profesa kwamba inaelekea imezama ndani, aende hospitali. Profesa akajibu kwamba chembe imeiona sura ya mpaka rangi kwa karibu, ikakimbia. Wakacheka, akarudi kazini.

Siku ya tano wifi yangu, mkewe, alimburuta hospitali, nami nikafuatana nao. Daktari wa macho alikuwa mama mpole ambaye hakuzunguka. Alisema jicho hilo limeshakufa, halitaona tena. Litolewe kabla wiki mbili hazijatimia tangu siku ya kuumia, kwa sababu likiachwa, mwili unaweza kuanza kulishambulia hata lile zima. Tarehe akaiandika kwenye karatasi. Profesa akamuuliza kama amewahi kuchomelea chuma. Daktari akasema hapana. Profesa akasema yeye amechomelea miaka ishirini, macho yake anayajua, na kwamba yale maneno ya Bwana juu ya kung'oa jicho yalikuwa mfano tu, daktari asiyachukulie hivyo. Hata muuguzi alicheka. Wifi hakucheka.

Wifi ni mwanamke wa maneno machache. Hakubishana naye. Jumanne asubuhi alimwomba afumbe macho yote mawili atoke chumbani mpaka bombani, peke yake, bila kushika ukuta. Akajaribu, akijigamba. Alipiga goti kwenye kabati, akakanyaga ndoo, akakaa chini uani muda mrefu. Aliponyanyuka alisema Alhamisi atakwenda.

Wifi alikuja kwangu siku hiyohiyo. Akasema Alhamisi tumpitie karakana sote wawili, maana anataka kukabidhi kazi kwanza.

"Lakini wifi, nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usimwambie neno. Akishatolewa hilo jicho, mseme mpaka uchoke. Kabla ya hapo, nyamaza."

Nikamwahidi.

Alhamisi tulimkuta amevaa shati safi, kitambaa kimefunika jicho. Vijana walikuwa wamezima mashine kwa heshima yake. Mpaka rangi alimshikia mkoba mpaka mlangoni, akamkabidhi. Alikuwa mnyonge, mdogo wangu, kama siku ya kwanza nilipomshika mkono kumpeleka shule, na moyo uliniuma kumwona vile. Ningemshika mkono tena, tungekuwa tumeondoka. Lakini nilikuwa nimemeza maneno siku kumi na mbili, yamenijaa kooni. Na yalikuwa ya kweli, hilo ndilo lililoniponza.

"Afadhali leo umekubali kwamba wewe ni mpumbavu," nikamwambia mbele ya wote. "Ungesikia ulipoambiwa tangu mwanzo usingekuwa na chongo."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona anatafuta kichekesho cha kunijibu, akakikosa. Akauweka mkoba chini taratibu.

"Dada, mimi siendi popote," akasema, akawasha grinda.

Wifi alinitazama tu. Sijawahi kutazamwa vile na mtu.

Zilibaki siku mbili. Kesho yake asubuhi alikuja kwangu peke yake, akasema mumewe atakwenda endapo nitamwomba radhi palepale karakana, mbele ya walewale watu. Hata maneno mawili yanatosha. Nikamuuliza mkubwa ni nani kati yetu. Nikamwambia siwezi kuomba radhi kwa kusema kweli, aje yeye kwangu. Wifi alipiga magoti pale jikoni, mtu mzima mwenye watoto wanne, akilia bila sauti, na mimi nikaendelea kukoroga chai. Jumamosi, ile tarehe aliyoiandika daktari, ikaja, ikapita.

Mwezi wa pili baada ya hapo mdogo wangu alianza kulalamika kwamba vioo vya nyumba vichafu. Wifi akavifuta, akavirudia, akaelewa. Tulirudi kwa yule mama daktari. Hakutulaumu, alimpa dawa za matone na vidonge, akajitahidi alivyoweza, ila usoni kwake nilisoma kwamba tumechelewa. Kabla mwaka haujaisha mdogo wangu alikuwa hatofautishi mchana na usiku. Nimelia sana, na sitaficha kwamba mara nyingi nililia huku namlaumu yeye.

Siku hizi naenda kwake kila Jumapili mchana kumsomea. Anachagua mwenyewe pa kusoma. Jumapili iliyopita alichagua pale hekima inaposema kwamba walioikataa wataiita siku ya msiba wao, nayo haitaitika. Nilisoma kwa sauti thabiti ya darasani, na Mungu anisamehe, nilikuwa nasoma kwa ajili yake, neno kwa neno, limwingie. Akainua mkono nikaacha.

"Dada," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Mimi ndiye huyo. Miaka yote nilikuwa nafundisha habari zangu nikidhani ni za wengine."

Nikakishusha kitabu mapajani.

"Ila siku ile," akasema, "ungenyamaza tu, ningekwenda."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja jambo ambalo sote wawili tunalijua, na akaugeuza ule uso wake kuelekea nilipo, akisubiri. Nilijua anachosubiri. Wifi alikuwa mlangoni na beseni la nguo, naye alijua. Maneno yenyewe yalikuwa mawili, mepesi, nimewafundisha watoto wa miaka saba kuyasema. Nilifungua mdomo.

"Ungebadilisha mawazo njiani," nikamwambia. "Nakujua wewe."

Akatikisa kichwa polepole kukubali. Wifi akainua beseni lake akaenda kuanika nguo. Baada ya muda mdogo wangu akaniomba kwa upole niendelee, nami nikautafuta mstari nilioishia. Niliisoma sura yote mpaka mwisho bila kukosea, na sikusikia hata neno moja.