Jua la Mtu wa Ofisini

Godefroid Kabemba hakuwa na ugomvi na jua, alilidharau tu. Ujanani alichimba shaba kule Musonoi, mgongo wazi, na siku alipopata ukarani katika kampuni moja ya madini aliapa kwamba yeye na jua basi, kila mmoja ashike njia yake. Akatimiza. Asubuhi gari, mchana ofisi yenye baridi ya mashine, jioni gari tena. Shati la mikono mirefu lilifungwa vifungo hata Jumapili. Katika mji ambao jua hugawiwa bure hata kwa mbuzi, Bwana Karani alifaulu kulikosa.

Basi alipoanza kuhema kwenye ngazi za kanisa, majibu ya Daktari Mbayo yalimuudhi. Presha ilikuwa juu, vitamini D ilikuwa chini kabisa.

“Docteur, mi niko mutu wa Kolwezi. Jua iko kila siku!”

“Iko inje, tata. Weye uko ndani.”

Akamweleza bila kupamba. Wenye upungufu huo huonekana zaidi wakiugua moyo, ila kama upungufu ndio unaoleta maradhi au maradhi ndiyo yanayoleta upungufu, wataalamu bado wanabishana, na vidonge vya vitamini havijathibitika kuuokoa moyo. Ameze dawa ya presha, apunguze chumvi, kila asubuhi atembee kwa miguu, mikono wazi. Arudi baada ya miezi michache.

Kwa miguu! Karani mzima! Mtaani kwao Manika, mwanamume anayezurura juani saa tatu asubuhi ni aliyefukuzwa kazi, na huruma ya majirani haichelewi: hata kiatu hujavua, wamekwisha kuja kukupa pole. Kaka yake Kisimba alianguka mezani mwaka uliopita, tonge mkononi, moyo umesimama. Godefroid aliogopa, tena sana. Lakini majirani aliwaogopa zaidi.

Akapata akili. Kila mchana aliegesha gari kando ya barabara, akakunja mikono ya shati, akafumba macho, jua likamwangukia. Vioo alivifunga, bila shaka. Malori ya madini yanapita mfululizo. Ni mwendawazimu gani wa Kolwezi atafungua kioo avute vumbi lote lile? Jasho lilimtoka, akajiona anapona. Mkewe Stéphanie alipouliza ni kalamu gani hiyo inayolowesha mashati, alijibu kwa fahari kwamba anajitibu.

Daktari alipopima tena, vitamini ilikuwa palepale alipoiacha.

“Jua nilipata, docteur! Kila siku, mu motokari!”

“Vitre ya motokari, kile kioo, ilikuwa wazi?”

“Sasa ile vumbi yote?”

Daktari akavua miwani. “Tata, vitre inapitisha joto. Ile mwangaza yenye inatengeneza vitamini mu ngozi inabakia inje. Ulikuwa unajichemsha bure.”

Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa ameyaficha ndani ya gari.

Kesho yake akaomba ruhusa ya asubuhi kazini, akavaa shati la mikono mifupi, akatoka kwa miguu. Hakufika mbali. Jirani yake Dodo aliruka kutoka kwenye kiti, huruma imemjaa usoni, na nyuma yake wakasogea wengine.

“Pole sana, tata. Balikufukuza ku kazi?”

Uongo ulikuwa tayari: likizo, gari liko gereji, chochote. Godefroid aliwatazama, akahisi kifua kinavyodunda kwa kutembea kidogo tu.

“Hapana. Moyo yangu inagonjwa. Niko naogopa kufa kama Kisimba.”

Dodo akamshika mkono.

“Afazali bangekufukuza,” alisema polepole. “Kazi inapatikanaka.”

Godefroid alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima. Na kati ya wote wale hodari wa kutoa pole, hakuna aliyejua aseme nini.