Kamba ya Pima Sita

Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki, ingawa hayajazi kiganja, kwamba haya ni kweli tupu. Chumvi niliyotia ni ile ya kuzuia yasioze.

Zamani, kabla futi za chuma hazijajaa madukani, namba iliyotawala ilikuwa nne. Vibaba vinne vya nafaka ni pishi moja. Mikono minne, kila mmoja kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, ni pima moja, na pima ndiyo hiyo unayoipata ukitandaza mikono yote miwili kama mtu anayezuia ng'ombe. Mimi na shemeji yangu, mume wa dada, tulikuwa wachimba visima. Yeye alikuwa mrefu mpaka mvua ilimfikia kabla yetu, basi watu wakamwita Pishi. Mimi nikaitwa Kibaba. Hesabu mnaiona wenyewe.

Siku ya siku tulikuwa tunachimba nyuma ya kiwanda cha matofali. Pishi alikuwa amefika pima tano, kwa mikono yake. Kamba ya ndoo ilikuwa imechakaa, ikitoa nyuzi kama ndevu.

"Kibaba, kalete kamba mpya," akaniambia asubuhi. "Pima sita. Tano za shimo, moja ya kufungia."

"Na soda?"

"Utakunywa humu humu, maji yakitoka."

Akashuka kwa vidato tulivyovichonga ukutani. Nikaenda, nikarudi na kamba begani, nikaifunga kwenye roda, lile gurudumu la kuvutia ndoo, juu ya shimo, nikaanza kuiteremsha. Pishi alikuwa amechuchumaa chini akikwangua changarawe. Hapo udongo wa upande mmoja ukaachia, polepole, kama mtu anayevua koti. Ukaondoka na vidato vyote, ukamzika shemeji mpaka kifuani.

"Shusha kamba," akasema. Hakupiga kelele.

"Imeisha."

"Usinitanie leo, shemeji."

"Wallahi imeisha. Hiyo ndiyo ncha."

Akanyoosha mkono mmoja uliokuwa huru. Kati ya vidole vyake na ncha ya kamba palibaki shubiri moja. Shubiri moja, ndugu zangu, hata mtoto huipima kwa kiganja. Nikavua shati ili niliunge kwenye kamba. Nikafunga kwa pupa, fundo likakataa. Nilisikia ananiambia, "Taratibu, taratibu," kama vile mwenye shida ni mimi. Udongo ukaachia mara ya pili. Nilipochungulia tena, hapakuwa na mkono.

Tulimtoa jioni, watu kumi na moja kwa majembe.

Na mwenye makosa alikuwa muuza kamba, mzee mmoja mfupi kuliko hata mimi, aliyepima pima sita kwa vijikono vyake. Mtu mfupi akikupimia pima, umenunua upungufu. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu siku ile, na hivyo ndivyo nilivyoandika juzi. Kisha nikachukua karatasi zangu nikaenda kumsomea dada.

Nilimkuta anakunja nguo zilizokauka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Rudia hapo kwa muuza kamba," akasema.

Nikarudia.

"Mfupi?"

"Mfupi sana, dada. Alikuwa anapanda kreti ili awaone wateja."

"Mimi mwaka ule nilinunua kwake kamba ya kuanikia nguo. Mezani alikuwa na misumari miwili, pima kamili kati ya huu na huu. Mikono yake haikuhusika." Akaweka shati chini. "Hebu tandaza yako."

Nikatandaza. Alinitazama kutoka ncha hadi ncha mpaka mabega yakaniuma.

"Nani aliyeipima tena ile kamba, mdogo wangu?"

Nina uongo wa kila saizi, lakini pale sikupata hata mmoja wa kunitosha. Nikamwambia. Njiani nilikaa chini ya ukuta nikaipima kwa mikono yangu, ikatoka pima saba na kitu. Nikadhani mzee amekosea, bahati imeniangukia. Pishi alitaka sita, nikamwachia sita. Iliyozidi nikaikata.

Dada alikaa juu ya nguo zake safi.

"Miaka thelathini na moja," akasema. "Nilikuwa nikipita mbali na duka la yule mzee. Alipokufa sikwenda kumzika. Mkewe alinisalimia sokoni, nikampa kisogo."

"Dada, nisa..."

"Waite wanangu. Utawaambia mwenyewe, umesimama. Na ole wako umchekeshe mtu."

Wakaja watatu, wote kwa urefu wa baba yao, wakilazimika kuinama mlangoni. Nikawaambia. Sijawahi kusema maneno mengi kiasi kile bila mtu kucheka. Wa mwisho, aliyekuwa tumboni siku ile, alitoka nje kabla sijamaliza. Mkubwa alibaki amesimama.

"Kile kipande ulikifanyia nini, mjomba?"

"Nilifungia mbuzi."

Dada akaokota karatasi zangu, akazilinganisha kingo kwa uangalifu kama anavyolinganisha shuka, akanipa pamoja na kalamu.

"Kaa hapo," akasema. "Andika na la mbuzi."